Boksi la Spam, na bahasha ambayo sikupewa

Assalaam alaykum mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, pasi yangu ni ya Kanada, na tangu Agosti 2025 nafundisha Kiingereza hapa Busan kwenye hagwon, zile shule binafsi za masomo ya ziada ambazo watoto huja wakishatoka shuleni. Viza yangu ni E-2, ile ya walimu wa lugha. Tuko walimu 11: wageni watatu, Wakorea wanane.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, mkurugenzi alipita chumba cha walimu akatukabidhi mmoja mmoja mfuko mwekundu wenye boksi. Kufika nyumbani nafungua, makopo tisa ya Spam, ile nyama ya nguruwe ya kopo, na chupa mbili za mafuta ya kanola. Mimi ni Mwislamu, na ofisi inajua, maana kila Ijumaa huwa naomba nitoke mapema kwa mapumziko ya mchana. Makopo bado yako ndani ya boksi, nimelisukuma kwenye kibaraza cha kufulia.

Linaloniuma zaidi ni hili: Wakorea walipewa boksi pamoja na bahasha. Mwenzangu mmoja ameninong'oneza kwamba ndani mlikuwa na won 200,000. Sisi wageni hatukupata hata bahasha tupu. Halafu kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo najiuliza kama na mimi nimrudishie tajiri kitu. Na juu ya hayo, mama wa mwanafunzi wangu amenitumia kwenye KakaoTalk, programu ya ujumbe ya Wakorea, kadi ya kahawa na keki ya won 30,000. Sijaigusa.

Nimeshapanga Jumatatu nimrudishie boksi lake mezani na hapohapo nimuulize habari ya bahasha. Unasemaje?

Mwana wa Kibokoni, Busan

Jibu

Wa alaykum salaam, dada.

Jumatatu usiende na boksi. Boksi na bahasha vimetoka mkono mmoja siku moja, lakini ni vitu viwili. Boksi ni salamu ya sikukuu, na salamu iliyokosewa hurekebishwa kwa adabu na kwa kusema mapema. Bahasha huenda ni sehemu ya ujira, na ujira huulizwa kwa karatasi. Ukivipeleka pamoja, mkurugenzi atashika kile chepesi. Atakuomba radhi kwa Spam, keshoye utaletewa shampuu na dawa ya meno, na yeye atahesabu kwamba mmeshamalizana.

Tuanze na boksi, na kwanza utoe moyoni neno dharau. Ukitokea Kanada, Spam ni chakula cha mwisho wa mwezi. Korea sivyo. Kopo hilo liliingia na wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya 1950 hadi 1953, nyama ilipokuwa adimu, na aliyelipata alijiona ana bahati. Kampuni ya CJ ilianza kulitengeneza huko huko mwaka 1987, na leo Korea Kusini inashika nafasi ya pili duniani kwa kula Spam, nyuma ya Marekani. Kwa hiyo makopo yaliyolala kila moja kwenye kishimo chake, na mfuko wa kubebea juu yake, ni zawadi ya heshima ya kawaida kabisa, sawa na maboksi ya tuna, mafuta, mwani mkavu na sabuni yanayojaa madukani msimu huo.

Namna yanavyonunuliwa nayo inaeleza mengi. Maduka makubwa hufungua maagizo ya mapema mwezi mzima na zaidi kabla ya sikukuu, na anayechukua mengi hupunguziwa bei au huongezewa: chukua kumi, la kumi na moja bure. Nanyi mko 11! Anayeagiza kwa kawaida si mkurugenzi (wonjang) bali msimamizi wa ofisi, siljang, na mkononi ana orodha ya vichwa. Safu ya dini haimo kwenye orodha hiyo.

Makopo yenyewe sasa. Mafuta ya kanola ni yako, pikia. Makopo tisa hayarudi kwa aliyetoa, kwa sababu kumrudishia mkubwa zawadi ya sikukuu mbele ya watu hueleweka kama kukata uhusiano, na maelezo yanayofuata hayasikiki tena. Wengi huyaweka kwenye Danggeun, ile programu ya kuuziana vitu vya mkononi, ambako kila baada ya sikukuu maboksi ya Spam hutiririka. Kwako hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: kuuza nguruwe ni suala la dini, na hilo muulize sheikh wako, si mimi. Ya pili ni kwamba Danggeun huonyesha bidhaa za mtaa unaokaa. Wazazi wa wanafunzi wako wamo humo, na siljang yumo. Picha ya boksi lile lile walilogawa, limepangwa juu ya meza yako, itawafikia kabla hujapata mnunuzi.

Njia safi ni mwalimu mwenzako wa Kikorea. Chumba cha walimu baada ya sikukuu huwa na biashara ya kimyakimya: huyu ana boksi la sabuni la tatu, yule mwani umemzidi. Spam ina thamani katika soko hilo. Kama kwako kubadilishana ni sawa na kuuza, basi mwachie tu bila kudai kitu. Lakini fanyeni nje ya jengo, boksi likiwa zima, na kabla ya kulitoa chungulia ndani. Mara nyingi huwa na kadi ya salamu yenye jina la hagwon, au hata lako. Itoe.

Kisha zuia lisijirudie. Seollal, Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, itakuwa tarehe 17 Februari 2026, kwa hiyo ukisema wiki ya sikukuu umechelewa. Maboksi yatakuwa yameshalipiwa. Mwandikie siljang katika siku kumi za mwanzo za Januari, ujumbe mfupi usiotaja Chuseok hata kidogo: „Jeoneun museullim-iraseo dwaejigogi-wa sur-eul mot meogeoyo.“ Kwa kuwa mimi ni Mwislamu, siwezi kula nguruwe wala kunywa pombe. Neno la kushika hapo ni mot, yaani „siwezi“. Ukiweka an, „sili“, inasikika kama umechagua kuchukia. Ongeza kwamba mwani, tuna, matunda au sabuni ungevifurahia sana. Hiyo si kuomba. Unampunguzia kazi mtu mwenye maboksi kumi na moja ya kuagiza. Na Ramadhani inatazamiwa kuingia siku moja au mbili baada ya Seollal hiyo, kutegemea mwandamo, kwa hiyo akikuletea gotgam, yale matunda ya persimoni yaliyokaushwa, futari ya wiki ya kwanza imejipa.

Usidhani kila kisicho Spam ni salama. Sheria ya vyakula Korea inawataka watengenezaji waorodheshe vitu vinavyowadhuru wenye mzio, na nguruwe, ng'ombe na kuku wamo kwenye orodha hiyo. Geuza pakiti, tafuta kisanduku kidogo chenye rangi tofauti kando ya orodha ya viungo, kinachoishia na neno 함유, „ina“. Ukiona humo 돼지고기, ni nguruwe, hata kama umeingia kwa njia ya jelatini ya peremende. Sentensi ndefu iliyo karibu yake, yenye neno hilo hilo pamoja na 제조시설, inasema tu kwamba kiwanda hicho hutengeneza pia bidhaa zenye nguruwe. Watu huzichanganya hizo mbili, wakatupa mwani usio na kosa. Kwa upande wa pombe, angalia 주정 kwenye sosi na mchuzi wa soya. Na yakgwa, vile vitumbua vya asali vya kwenye maboksi mazuri ya peremende za jadi, kwa mapishi ya kale unga wake hukandwa na pombe ya mchele au soju. Nyama ya hanu, ng'ombe wa Kikorea, hata ikifungwa kwa hariri, haikuchinjwa kwa ajili yako.

Sasa bahasha, na hapa twende polepole.

Mtaani huitwa tteokgap, „pesa ya keki za mchele“. Ni mkono wa Idi wa watu wazima. Hakuna sheria ya Korea inayomlazimisha mwajiri kuutoa. Ila hugeuka deni ikiwa umeandikwa kwenye mkataba, ikiwa umo kwenye kanuni za kazi za mahali hapo, au ikiwa umetolewa sikukuu baada ya sikukuu kwa kiwango kinachojulikana mpaka ukawa desturi inayomfunga mwajiri. Nje ya hayo ni hisani, na hisani haina mahakama.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, soma. Chukua mkataba wako, na usiishie kwenye nakala ya Kiingereza. Kwenye ile ya Kikorea tafuta 상여금, bonasi, na 명절, sikukuu. Halafu waulize wale wageni wenzako wawili swali moja tu: Chuseok na Seollal zilizopita, mliwahi kupata bahasha? Swali hili lina uzito kuliko yote. Wewe umeingia Agosti, na sehemu nyingi hugawa kwa kuangalia muda wa kazi. Mkurugenzi atakujibu kwamba wewe ni mgeni wa miezi miwili na jibu hilo litasimama. Lakini kama kuna mgeni wa miaka miwili ambaye hajaiona bahasha, na Mkorea wa miezi mitatu anayo, hapo muda wa kazi si sababu tena.

Kifungu cha kushika ni cha 6 cha Sheria ya Viwango vya Kazi. Kinamkataza mwajiri kubagua masharti ya kazi kwa misingi ya jinsia, uraia, imani ya dini au hadhi ya kijamii, na adhabu yake ni faini isiyozidi won 5,000,000. Kinahusu hata sehemu zenye wafanyakazi chini ya watano, ambako vifungu vingine vingi havifiki. Ugumu wake ni kwamba tofauti yenye sababu ya maana si ubaguzi. Jitayarishe kusikia: „Nyie mna nyumba na tikiti ya ndege, wao hawana.“ Au kwamba Wakorea wanalipwa kwa asilimia ya ada za wanafunzi, bila mshahara maalumu, na bahasha ni ya kusawazisha. Hoja ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza, kwa sababu tikiti na nyumba ni bei iliyokuvuta uvuke bahari. Ziliandikwa kwenye mkataba kabla Chuseok haijafikiriwa.

Ziko karatasi mbili unazostahili kuziona. Mahali penye wafanyakazi 10 au zaidi pana wajibu wa kuwa na kanuni za kazi zilizowasilishwa Wizara ya Ajira na Kazi, na kuziweka mahali ambapo mfanyakazi anaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa. Mko 11 kabla ya kuhesabu ofisi na madereva. Anaweza kukwepa akisema kwamba walimu wa Kikorea si waajiriwa ila wanafanya kazi za kujitegemea. Dalili yake ni makato ya asilimia 3.3 badala ya bima na pensheni. Hilo jina tu halitoshi, mahakama za Korea zimeshawahesabu walimu wengi wa hagwon kuwa waajiriwa kwa kuangalia kazi ilivyofanyika. Karatasi ya pili ni hati ya mshahara, ambayo tangu tarehe 19 Novemba 2021 kila mwajiri lazima aitoe. Tazama yako ya mwezi wa Chuseok. Ukikuta „bonasi ya sikukuu“ na kiasi, kumbe umelipwa kwa boksi, na hilo halikubaliki: ujira hulipwa kwa fedha, moja kwa moja, wote, siku iliyowekwa. Makopo hayakati mshahara.

Ukishasoma ndipo uulize, tena kwa maandishi, siku ya kawaida ambayo shule hazina mitihani. Msimu wa mitihani ofisi ya hagwon haimsikilizi mtu. Sentensi tatu zinatosha: nashukuru kwa zawadi ya Chuseok; nimeelewa kuna bonasi ya sikukuu kwa walimu; naomba kujua masharti yake na kama yanawahusu walimu wa kigeni. Usitaje won 200,000 na usimtaje mwenzako aliyekunong'oneza, hata ukibanwa. Watajua kwamba kuna aliyesema, wasijue nani. Usiandike neno ubaguzi kwenye ujumbe wa kwanza. Si woga huo. Ukiuliza masharti, anayejibu analazimika kukupa sababu kwa maandishi, na sababu hiyo ndiyo utakayoihitaji baadaye kama itafika huko.

Ikifika, namba ya Wizara ni 1350, wana huduma kwa Kiingereza, na malalamiko kwenye ofisi ya kazi ya eneo lako hayalipiwi. Madai ya ujira hufa baada ya miaka mitatu, kwa hiyo hakuna kinachokukimbiza. Na nikuambie wazi: kwa bahasha moja ambayo haimo kwenye mkataba wako, mwaka wako wa kwanza, nisingekushauri ufungue mashtaka. Ningekushauri uingoje siku ya kuongeza mkataba na udai mstari mmoja uandikwe: bonasi ya Seollal na ya Chuseok, kiasi hiki kila moja, hulipwa kabla ya likizo kuanza. Wakurugenzi wengine hukataa kuandika huku wakiahidi kwamba bahasha haitakosekana. Wana sababu yao. Tarehe 19 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Korea iliamua kwamba bonasi ya kila mara, hata ile yenye sharti la kuwa kazini siku ya malipo, huingia kwenye ujira wa kawaida unaotumika kukokotoa malipo ya saa za ziada. Mstari mmoja kwenye mkataba unaweza kuwaongezea hesabu nyingine. Ukilijua hilo hutashangaa sura ikibadilika, na unaweza kuomba badala yake mshahara wa mwezi upande kidogo.

Kuhusu sahani isiyorudi tupu: kwa mkubwa wa kazi wa Korea, hurudi tupu na hakuna anayeona vibaya. Zawadi za Chuseok na Seollal kazini huteremka. Zikipanda sana huleta maswali, hasa kwa mtu ambaye wiki inayofuata ana swali la bahasha. Pokea kwa mikono miwili, usifungue hapo, sema „Gamsahamnida, Chuseok jal bonaeseyo“, basi deni limelipwa. Kama mkono bado unakuwasha, weka kitu cha wote kwenye meza ya chumba cha walimu: boksi la machungwa madogo ya Jeju wakati wa Seollal, au pakiti ya gramu 200 ya kahawa ya Kenya. Kenya AA wanaijua vizuri kwenye mikahawa ya Busan, na ni njia nzuri ya kuwaambia kwenu ni wapi bila hotuba. Matunda mabichi na mbegu kutoka nyumbani usibebe, karantini ya mimea itakunyang'anya uwanja wa ndege.

Imebaki kadi ya mama. Korea ina sheria kali ya zawadi iliyoanza tarehe 28 Septemba 2016, ambayo watu huiita kwa jina la Kim Young-ran, aliyeipendekeza. Inawafunga walimu wa shule na vyuo, vya serikali na vya binafsi, na shule za chekechea zilizosajiliwa kama shule. Hagwon hazimo, hata zile zinazojiita chekechea za Kiingereza, kwani kisheria nazo ni hagwon. Kwa hiyo won 30,000 haikufanyi mkosaji. Lakini hagwon nyingi zina katazo lao wenyewe, na mzazi anayetuma leo anaweza kesho kuuliza kwa nini mwanawe hajapanda darasa. Muulize siljang kanuni ikoje. Mkionyeshana ujumbe wa mama kwenye simu, hakuna atakayesema baadaye ulificha. Jibu likiwa hapana, ndani ya kadi yenyewe kuna kitufe cha kukataa zawadi na fedha hurudi kwa mtumaji. Kwanza mwandikie mama shukrani na umweleze kwamba ni utaratibu wa shule, ndipo ubonyeze. Kitufe kikitangulia maneno, ataona umemfungia mlango usoni.

Ukihamia shule au chuo, sahau haya yote. Wanaofundisha Kiswahili pale Hankuk University of Foreign Studies wanajua: kutoka kwa mwanafunzi unayempa alama, au mzazi wake, kiwango ni sifuri, hata kikombe cha kahawa. Utasikia watu wakitaja won 50,000 kwa zawadi, au 150,000 kwa mazao ya shambani, inayopanda hadi 300,000 kuanzia siku 24 kabla ya Seollal na Chuseok mpaka siku 5 baada. Viwango hivyo ni vya kweli, lakini havimlindi mtu anayepokea kutoka kwa yule anayempima. Anayepokea hutozwa mara mbili hadi tano ya thamani. Zawadi ya mkuu wa shule kwa mwalimu wake, kwa ajili ya kumtia moyo, inaruhusiwa. Ya mwalimu kwa mkuu anayemtathmini, hapana.

Kadi za KakaoTalk zina tarehe ya kuisha. Ya mama ifanyie uamuzi wiki hii.